Mwongozo wa Kusafisha Saponini za Mbegu za Chai na Kupima Athari Zake kwa Vimeng'enya Vinavyovunja Pombe

Mchai unaochumwa mara kwa mara hauzai matunda, kwa sababu machipukizi yake huishia kwenye kapu la mchumaji na kichaka hubaki kimo cha kiuno. Ukiachwa bila kupogolewa hukua ukawa mti, hutoa maua meupe yenye kiini cha njano, kisha matunda ya kijani ambayo hukauka, hupasuka na kudondosha mbegu ngumu za kahawia. Miti ya namna hiyo huonekana Kericho, Limuru, Mufindi, Njombe na Usambara, kwenye mashamba yaliyotelekezwa na kwenye bustani za mbegu zilizobaki baada ya wakulima kuhamia kwenye miche ya vipandikizi. Mbegu hizo huozea chini, ilhali ndani yake mna mafuta na mna saponini, vitu vinavyotoa povu kama sabuni, kwa wingi unaotosha kumpa mwanafunzi wa kemia au biokemia kazi ya maabara yenye maana.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuzitoa saponini hizo, kuzisafisha, na kupima kama zinaharakisha au zinazuia vimeng'enya vinavyovunja pombe mwilini. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya wanyama wa maabara waliopewa saponini za mbegu za chai kabla ya kupewa pombe, na kiwango cha pombe katika damu yao kilikuwa cha chini kuliko cha wenzao. Matokeo kama hayo yanaweza kuwa na sababu mbili tofauti kabisa: ama vimeng'enya vya ini vimefanya kazi haraka zaidi, ama pombe imechelewa kutoka tumboni na kuingia kwenye damu. Swali la vimeng'enya linaweza kujibiwa kwenye kuveti, yaani kichupa kinachopitisha mwanga wa mashine ya kupimia, lakini kwa masharti makali, na masharti hayo ndiyo yaliyochukua sehemu kubwa ya maandishi haya. Saponini isiyosafishwa vizuri hutoa namba za uongo, na namba hizo ndizo huishia kwenye vibandiko vya chupa zinazouzwa kama dawa ya kuondoa pombe.

Jambo moja lisemwe mapema. Unga utakaoupata si wa kunywa wala kuonja. Saponini hupasua chembe nyekundu za damu, huua samaki hata zikiwa chache majini, na vumbi lake huchoma pua na kusababisha chafya mfululizo. Vaa barakoa na miwani kila unapousaga au kuupima kwenye mizani.

Unachokitafuta na unachokipima

Saponini ni glaikosidi, yaani molekuli yenye mifupa isiyopenda maji iliyounganishwa na mnyororo wa sukari unaopenda maji. Kwa sababu ya sura hiyo ya pande mbili, hufanya povu na hujipenyeza kwenye tando za seli. Saponini za mbegu za chai zina mifupa ya triterpeni yenye pete tano. Mnyororo wa sukari umeshikamana na kaboni namba 3 na ndani yake mna asidi ya glukuroni, hivyo mmumunyo wake ni wa asidi. Kwenye kaboni namba 21 na 22 huwa kumeungana asidi ndogo kwa vifungo vya esta. Kumbuka vifungo hivyo vya esta na hiyo asidi ya glukuroni, kwani kila kimoja kitakuletea tatizo lake baadaye.

Upande wa pombe, ethanoli inapofika kwenye ini hukutana kwanza na dehidrojenesi ya alkoholi, ADH kwa kifupi, iliyomo kwenye sitosoli (majimaji) ya seli, ambayo huigeuza kuwa asetaldehidi. Kisha dehidrojenesi ya aldehidi, ALDH, hasa ile ya aina ya pili iliyomo ndani ya mitokondria, huigeuza asetaldehidi kuwa asetati isiyo na madhara makubwa. Hatua zote mbili hutumia NAD, molekuli saidizi inayopokea hidrojeni, na kuigeuza kuwa NADH, na NADH hufyonza mwanga wa nanomita 340 wakati NAD haiufyonzi. Upimaji wote ulioelezwa hapa umesimama juu ya tofauti hiyo moja. Ipo pia njia ya vimeng'enya vingine viwili, CYP2E1 na katalesi, lakini hizo zinahitaji upimaji wa namna nyingine na haziguswi hapa.

Usipime ADH peke yake. Asetaldehidi ndiyo inayosababisha uso kuwaka, moyo kwenda mbio na kichefuchefu, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka asetaldehidi itokanayo na unywaji wa pombe katika Kundi la 1 la visababishi vya saratani kwa binadamu. Watu wengi wa Asia ya Mashariki wana aina ya ALDH2 iliyo dhaifu, na mwili wao huonyesha wazi kinachotokea pale hatua ya pili inapochelewa. Kitu kinachoharakisha hatua ya kwanza bila kuigusa ya pili humwongezea mnywaji sumu, hata kama pombe yenyewe inapungua upesi.

Kukusanya na kuandaa mbegu

Okota mbegu zilizodondoka karibuni, zisizo na tundu la wadudu wala ukungu, na chukua pia tawi lenye majani, ua na tunda ulibane kwenye magazeti ili likahifadhiwe katika hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya chuo chako pamoja na tarehe, mahali na mwinuko kutoka usawa wa bahari. Kazi ya kemia ya mimea isiyo na kielelezo cha hebaria haina mtu anayeweza kuihakiki baadaye. Kama shamba lina mwenyewe, omba ruhusa yake kwa maandishi, na kama sampuli itavuka mpaka wa nchi, tafuta kibali kinachohusika kabla ya kuifunga.

Kausha mbegu kivulini, kisha kwenye tanuri la nyuzi 40 hadi 45 za Selsiasi mpaka uzito usibadilike tena. Vunja ganda gumu la nje na ulitupe, kwa kuwa lina tanini nyingi na saponini kidogo. Saga viini kwenye kinu cha umeme kwa vipindi vifupi ili visipate joto, halafu chekecha kwenye wavu wa milimita 0.5. Viini vyenye mafuta mengi hugandamana kwenye kinu na kuwa kama siagi ya karanga. Ikitokea hivyo, visage kwa ukubwa wa chenga kwanza, viondoe mafuta, kisha visage tena.

Kuondoa mafuta

Weka unga kwenye kifaa cha Soxhlet, kinachorudisha kiyeyusho juu ya unga tena na tena, pamoja na heksani na uache izunguke kwa muda wa saa 6 hadi 8, au mpaka tone la heksani inayorudi, likidondoshwa kwenye karatasi ya chujio na kukauka, lisiache doa. Heksani hushika moto kwa urahisi na mvuke wake hudhuru neva, kwa hiyo tumia jiko la umeme lisilotoa cheche, ndani ya kabati la kunyonya hewa. Sambaza makapi kwenye sinia ndani ya kabati hilo usiku kucha mpaka harufu ya heksani iishe. Usiiharakishe hatua hii, maana mafuta yakibaki, hatua ya butanoli itageuka ukungu mzito usiotengana.

Kutoa saponini

Loweka makapi yasiyo na mafuta katika ethanoli ya asilimia 70, mililita 10 kwa kila gramu, na uyakoroge kwa saa mbili kwenye joto la nyuzi 50. Chuja, rudia mara mbili kwa ethanoli mpya, kisha unganisha machujio yote. Wengi hutumia methanoli, nayo hufanya kazi vizuri, ila ethanoli ina hatari ndogo kwa mfanyakazi na hupatikana kwa urahisi zaidi. Hakikisha ni ethanoli safi ya maabara. Spiriti iliyotiwa rangi haifai, kwa sababu imechanganywa kwa makusudi na vitu ambavyo hutaweza kuvitenga. Joto lisizidi nyuzi 60 wala mmumunyo usiachwe siku nyingi mezani, kwani vile vifungo vya esta hukatika polepole na utabaki na saponini isiyo ile iliyokuwa kwenye mbegu.

Punguza ujazo kwa kivukizaji cha ombwe kwenye joto lisilozidi nyuzi 45. Saponini zitaanza kufanya povu ethanoli inapokwisha, na povu hilo hupanda shingoni mwa chupa kwa sekunde chache tu na kuingia kwenye mashine. Jaza chupa chini ya theluthi, ongeza nguvu ya ombwe kidogo kidogo, na weka mtego wa kioo kati ya chupa na mashine. Povu likianza kupanda, fungua hewa mara moja badala ya kuinua chupa kutoka kwenye maji ya moto.

Kinachobaki ni mmumunyo wa maji wa rangi ya kahawia wenye saponini, sukari, protini, tanini na flavonoidi. Uweke kwenye faneli ya kutenganishia pamoja na ujazo sawa wa butanoli ya kawaida iliyokwisha kushibishwa maji. Geuza faneli juu chini taratibu mara nyingi, usiitikise. Saponini zitahamia kwenye butanoli iliyo juu, na sukari nyingi itabaki kwenye maji. Rudia mara tatu. Tabaka zikikataa kutengana, ongeza chumvi kidogo ya mezani au zungusha mchanganyiko kwenye sentrifuji kwa dakika 10. Unganisha butanoli yote na uivukize. Butanoli huchemka kwenye nyuzi 117.7, hivyo utaratibu huo ni wa polepole, na kumwagia maji kidogo mara kwa mara husaidia, kwa kuwa maji na butanoli huvukizwa pamoja kwa joto la chini zaidi.

Kusafisha kwenye safu ya resini

Hapa ndipo saponini ghafi inapogeuka kuwa kitu kinachostahili kupelekwa kwenye kimeng'enya. Resini za vinyweleo vikubwa, kama D101, AB-8 au Diaion HP-20, hushika molekuli zenye upande usiopenda maji na kuziacha sukari na chumvi zipite. Loweka resini katika ethanoli kwa saa 24, ipakie kwenye safu ya kioo bila kuacha mapovu, kisha ipitishie ethanoli mpaka tone linalotoka, likichanganywa na maji, lisiwe na ukungu. Baada ya hapo osha kwa maji mengi.

Yeyusha mabaki ya butanoli katika maji, chuja, na uyapitishe kwenye safu kwa mwendo wa ujazo mmoja au miwili wa safu kwa saa. Osha kwa maji mpaka kipimo cha sukari cha fenoli na asidi ya salfuriki kisionyeshe rangi. Kisha pitisha ethanoli ya asilimia 30, ambayo huondoa sehemu kubwa ya flavonoidi na tanini nyepesi, na mwisho ethanoli ya asilimia 70 hadi 80, ambayo hushusha saponini. Kusanya vipande vya mililita 20 au 25, kila kimoja kwenye chupa yake yenye namba.

Maelekezo mengi ya viwandani hutaka safu ioshwe kwa hidroksidi ya sodiamu isiyo kali ili kuondoa rangi. Kwa saponini za mbegu za chai ninashauri usifanye hivyo, kwa sababu hidroksidi hukata esta za kaboni 21 na 22. Utapata unga mweupe wa kuvutia ambao kemia yake imebadilika. Ni heri unga wa rangi ya maziwa wenye molekuli sahihi. Kuondoa tanini zilizosalia, koroga kipande cha saponini na polivinilipolipirolidoni (unga unaoshika tanini) kwa nusu saa na uchuje. Tanini hushikamana na protini yoyote iliyo karibu, na zikibaki kwenye sampuli zitazuia kimeng'enya chochote utakachozipa, kisha sifa zipewe saponini.

Ukitaka saponini moja moja badala ya mchanganyiko, endelea na safu ya silika kwa klorofomu, methanoli na maji kwa uwiano wa 65:35:10 ukitumia tabaka la chini, kisha kromatografia ya shinikizo kwenye safu ya C18 huku ukisoma kwenye nanomita 210. Kwa swali la vimeng'enya, mchanganyiko safi wa saponini unatosha kuanzia.

Kuhakikisha usafi

Dondosha kila kipande kwenye bamba la silika, uliendeshe kwa tabaka la juu la butanoli, asidi ya asetiki na maji kwa uwiano wa 4:1:5, likauke, ulipulizie anisaldehidi yenye asidi ya salfuriki, na ulipashe joto la nyuzi 105 kwa dakika chache. Saponini hujitokeza kwa rangi ya zambarau au buluu iliyokolea. Sukari huwa na rangi ya kijani au kahawia na hubaki karibu na mstari wa kuanzia. Bamba la pili lipulizie kloridi ya feri. Doa lolote jeusi au la samawati iliyoiva ni ishara kwamba tanini bado zipo.

Kiasi cha saponini hupimwa kwa vanilini na asidi ya salfuriki ya asilimia 72 kwenye nyuzi 60 kwa dakika 10 hadi 15, kisha sampuli hupozwa kwenye barafu na kusomwa karibu na nanomita 550, ukilinganisha na mstari wa sanifu wa esini (saponini inayojulikana) au asidi ya oleanoli. Kipimo hiki si cha kuaminiwa kipofu, kwani steroli na baadhi ya fenoli pia hutoa rangi, na kwa hiyo hakina maana bila bamba la silika pembeni yake.

Kuondoa viyeyusho, mpaka vya mwisho

Ukiruka sehemu hii, kazi yote iliyobaki haina thamani. Umetumia ethanoli mara mbili na butanoli mara moja, na zote mbili ni chakula cha ADH. Chembe ya ethanoli iliyobaki kwenye unga huingia kwenye kuveti kama pombe ya ziada, NADH inaongezeka, na mtafiti anaandika kwamba saponini imeharakisha kimeng'enya. Butanoli ni mbaya zaidi kwa kuwa haivukizwi kirahisi, na ADH ya ini huipokea vizuri mno. Methanoli nayo hupokelewa na ADH ya ini, ingawa polepole.

Vukiza sampuli mpaka ibaki kama gundi, iyeyushe katika maji yaliyochujwa, ivukize tena, na rudia mara tatu. Kisha igandishe na uikaushe kwa mashine ya kukausha kwa kugandisha kwa saa 48, uyeyushe unga kwenye maji, uugandishe na uukaushe mara ya pili. Uhifadhi kwenye chupa ya kioo cheusi pamoja na jeli ya silika, kwenye nyuzi hasi 20. Ushahidi wa mwisho utatolewa na kimeng'enya chenyewe, kama inavyoelezwa hapa chini.

Kabla ya upimaji, yeyusha unga kwenye bafa (mmumunyo unaozuia pH isibadilike upesi) na upime pH. Asidi ya glukuroni iliyomo huishusha, na ADH inayopimwa kwenye pH 8.8 hupunguza mwendo pH inaposhuka. Rekebisha pH ya mmumunyo wa saponini kwanza, vinginevyo utapima asidi na kuiita kizuizi.

Kupima ADH

ADH ya hamira ni ya bei nafuu na inafaa kwa mazoezi, lakini ina sehemu nne na tabia tofauti na ile ya ini, ambayo ina sehemu mbili. Hitimisho lolote linalohusu binadamu au mnyama lisitolewe kwa hamira peke yake. Nunua ADH ya ini la farasi, au andaa sitosoli ya ini la ng'ombe kama inavyoelezwa kwenye sehemu ya ALDH.

Katika kuveti ya sentimita moja weka mililita 1.5 za bafa ya pirofosfati ya sodiamu ya milimola 100 (kwa lita, hapa na kwingine kote) yenye pH 8.8, mililita 0.3 za NAD ya milimola 20 iliyoyeyushwa siku hiyo hiyo, mililita 0.3 za saponini, mililita 0.1 za kimeng'enya, na mililita 0.5 za maji. Acha mchanganyiko ukae dakika tano kwenye nyuzi 25. Anzisha mmenyuko kwa mililita 0.3 za ethanoli ya milimola 170, ambayo kwenye ujazo wa mililita 3 inakuwa milimola 17. Kiwango hicho ni karibu sawa na miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, hivyo kina uhusiano na maisha ya kweli. Soma nanomita 340 kila sekunde 10 kwa dakika tatu, na punguza kimeng'enya mpaka ongezeko bila saponini liwe kati ya 0.05 na 0.15 kwa dakika.

Saponini hufanya povu ndani ya kuveti kama ilivyofanya kwenye chupa. Pulizo moja la pipeti likitoa hewa chini ya maji, viputo vidogo hung'ang'ania ukuta wa kuveti, hupanda mmoja mmoja mbele ya mwanga, na mstari wa mashine huruka juu na chini badala ya kupanda sawasawa. Toa mmumunyo kwenye pipeti ukiegemeza ncha ukutani, simamisha kidole kabla ya hewa kutoka, na changanya kwa kuigeuza kuveti mara mbili polepole. Mstari ulioruka ruka usiulainishe kwa programu. Rudia kipimo.

Hesabu ni fupi. NADH ina kigezo cha ufyonzaji cha 6.22 kwa kila milimola kwa lita kwa sentimita. Ongezeko la 0.124 kwa dakika, likigawanywa kwa 6.22 na kuzidishwa kwa mililita 3, ni mikromoli 0.0598 za NADH kwa dakika. Kwa kuwa kimeng'enya kilikuwa mililita 0.1, utendaji wake ni karibu yuniti 0.6 kwa mililita (yuniti moja ni mikromoli moja kwa dakika). Ukitumia sahani ya visima 96, usisahau kwamba njia ya mwanga si sentimita moja, na lazima uipime.

Majaribio linganishi ndiyo yanayotofautisha kipimo na bahati. La kwanza ni kuveti yenye kila kitu isipokuwa ethanoli: NADH ikipanda hapo, saponini yako bado ina alkoholi, na lazima urudi kwenye mashine ya kukaushia. La pili ni lenye kila kitu isipokuwa kimeng'enya, ambalo hufichua ukungu na rangi ya sampuli. La tatu lina 4-methilipirazoli, kizuizi kinachojulikana cha ADH, ili uthibitishe kwamba mfumo wako unaweza kuonyesha uzuiaji unapokuwepo. La nne lina Triton X-100, sabuni ya maabara, badala ya saponini. Saponini ni kitu cha sabuni, na sabuni hufunua protini bila kuchagua. Kama Triton inafanya kile kile kinachofanywa na saponini, huna athari mahususi ya kujivunia. La tano ni kurudia kipimo ukiwa umeongeza albumini ya asilimia 0.1: uzuiaji ukitoweka, kuna uwezekano mkubwa ulitokana na mafungu ya molekuli za saponini yaliyonasa kimeng'enya.

Pima angalau viwango sita vya saponini, vitatu vikiwa chini ya ukolezi unaoanza kuunda mafungu hayo, ambao utaujua kwa kupima mvutano wa uso wa maji. Mchoro ulio tambarare na kisha ukaanguka ghafla kwenye kiwango kimoja ni dalili ya sabuni. Mchoro unaoteremka pole pole kuanzia viwango vya chini unastahili kuendelezwa kwa kubadilisha ethanoli kati ya milimola 2 na 100 ili kutafuta Km na Vmax, yaani ukolezi unaofikisha nusu ya kasi ya juu kabisa, na kasi hiyo ya juu yenyewe. Tumia programu inayolinganisha mkunjo wenyewe, kwani mchoro wa kinyume (1/kasi dhidi ya 1/ukolezi) hukuza makosa ya viwango vidogo.

Kupima ALDH

Nunua ini la ng'ombe machinjioni mara tu linapotolewa, litumbukize kwenye barafu, na uanze kazi ndani ya saa moja au mbili. Katakata gramu 10, zisage kwa kisagio cha kioo chenye mchi wa Tefloni katika mililita 40 za sukrosi ya molari 0.25 iliyopozwa, yenye bafa ya pH 7.4 na EDTA ya milimola 1. Zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya 700 g (mara 700 ya mvutano wa dunia) kwa dakika 10 na utupe mashapo. Zungusha maji ya juu kwa 10,000 g dakika 10: mashapo haya ni mitokondria, na maji ya juu, yakizungushwa tena kwa 105,000 g kwa saa moja, hukupa sitosoli yenye ADH. Osha mitokondria mara mbili. Pitisha sitosoli kwenye safu ya Sephadex G-25 ili kuondoa molekuli ndogo zinazoweza kulisha ADH. Pima protini kabla ya kuongeza saponini, kwa sababu saponini huvuruga kipimo cha protini cha Bradford.

Mchanganyiko wa kupimia una bafa ya pirofosfati ya milimola 50 yenye pH 8.8, NAD ya milimola 1, ditiotreitoli ya milimola 1 inayolinda salfa iliyo kwenye kitovu cha kimeng'enya, pirazoli ya milimola 1 inayozuia ADH kurudisha asetaldehidi kuwa ethanoli, na rotenoni ya mikromola 2 inayozuia mitokondria kuila NADH inayotokea. Rotenoni ni sumu ile ile iliyomo kwenye utupa unaotumiwa kuvulia samaki, kwa hiyo ishike kwa glavu. Anzisha kwa asetaldehidi ya mikromola 50, kiwango ambacho ALDH2 hukitumia kikamilifu ilhali aina nyingine nyingi za ALDH hazijachangamka. Kwa kiwango hicho usomaji hauwezi kuzidi 0.31 hata asetaldehidi yote ikiisha, hivyo soma mteremko wa dakika ya kwanza tu. Asetaldehidi huchemka kwenye nyuzi 20.2, maana yake kwenye maabara ya Dar es Salaam au Mombasa inakuwa mvuke kabla hujafunga chupa. Ipoze kwenye barafu pamoja na pipeti, au tumia propionaldehidi, ambayo hutulia zaidi.

Kuna mtego hapa. ALDH2 imefungiwa ndani ya mitokondria, na saponini hutoboa tando. Ukiongeza saponini kwenye mitokondria nzima, kimeng'enya humwagika nje, hukutana na NAD kwa urahisi, na usomaji hupanda maradufu. Kimeng'enya hakijaharakishwa hata kidogo. Mlango umefunguliwa tu. Ili usidanganyike, pasua kwanza mitokondria zote kwa deoksikoleti ya sodiamu ya asilimia 0.1 na uzizungushe kwenye sentrifuji, kisha tumia maji ya juu kama chanzo cha ALDH. Pima athari ya saponini juu ya maji hayo na, kwa kulinganisha, juu ya mitokondria nzima. Ongezeko linaloonekana kwa mitokondria nzima peke yake liandikwe kama upenyezaji wa utando.

Kwa jaribio linganishi la kizuizi, tumia daidzini, ambayo mwaka 1993 Keung na Vallee walionyesha kwamba huzuia ALDH ya mitokondria kwa ukali. Ilitoka kwenye mmea uliotumika China kwa karne nyingi kutibu ulevi, nayo si saponini bali ni isoflavoni. Inafaa kuikumbuka unapoona mmea wenye sifa ya kutibu ulevi: sehemu inayofanya kazi huenda isiwe ile uliyoitenga, na inawezekana hufanya kazi kwa kuzuia kimeng'enya, si kwa kukiharakisha.

Kusoma matokeo na kuyaandika

Rudia kila kipimo mara tatu kwa siku moja na kwa maandalizi matatu tofauti ya saponini, kwani tofauti kati ya maandalizi huwa kubwa kuliko tofauti kati ya kuveti. Andika utendaji kwa yuniti kwa miligramu ya protini, si kwa asilimia peke yake. Taja chanzo cha kimeng'enya, pH, joto, ukolezi wa ethanoli au aldehidi, na matokeo ya kuveti zisizo na ethanoli hata kama ni sifuri.

Iwapo ADH na ALDH hazikubadilika, hayo ni matokeo kamili, na yanaelekeza macho kwenye tumbo. Kundi la Yoshikawa na Matsuda nchini Japani lilionyesha kwa saponini nyingine za asidi ya oleanoli, zikiwemo elatosidi za Aralia elata, kwamba kupungua kwa pombe katika damu ya panya kunahusiana na ufyonzwaji, ikiwemo kuchelewa kwa tumbo kujimwaga. Hatua hiyo inahitaji wanyama hai na kibali cha kamati ya maadili ya taasisi yako, na wanyama wasihusishwe kabla majaribio ya kuveti hayajakamilika.

Taka za saponini zisimwagwe kwenye sinki linaloelekea mtoni wala kwenye mfereji wa shamba la samaki. Makapi ya mbegu za chai hutumiwa Asia kuua samaki wasiotakiwa kwenye mabwawa ya kufugia kamba, na mabaki yako yana uwezo huo huo. Yachemshe pamoja na hidroksidi ya sodiamu, yaache yapoe, sawazisha pH, na uyaweke kwenye dumu la taka za kemikali, na taka za butanoli na za heksani nazo ziwekwe, kila moja kwenye dumu lake lenye jina na tarehe.